Aliyeioza Nguzo ya Chura: Maman Marie-Jeanne Mwenze Anastaafu

Tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, Maman Marie-Jeanne Mwenze atastaafu kazi yake ya kutunza vitu vya mbao katika makumbusho yetu. Siku hiyo atakabidhi funguo za karakana ya Anderlecht, hapa Brussels, atapanda metro namba tano kama kawaida yake, na kesho yake asubuhi mbao zote zitashangaa mbona leo hakuna anayezikaripia.

Wasifu wa Kifaransa na ule wa Kiholanzi umekwisha kuandikwa na ofisi, na umetoka katika jarida la makumbusho pamoja na picha ambayo mwenyewe haipendi hata kidogo. Huu wa Kiswahili aliuomba yeye, ili dada zake walioko Likasi nao wasomewe, na akaagiza niuandike mimi, Jaffari, mtengeneza makasha ya kusafirishia. Sababu ni kwamba mimi ni mtani wake. Utani huu haumo katika mila ya kabila lolote. Tuliuanzisha wenyewe ngazini, yeye Mkatanga na mimi Mzigua wa Handeni, siku aliyoniambia kwamba kasha nililolitengeneza linafaa kufugia kuku. Kwa hiyo msomaji ajue mapema: sifa zilizomo humu zimetoka kwa mtu mwenye ruhusa kamili ya kumcheka.

Maman alizaliwa Likasi mwaka 1959. Baba yake, Mzee Kabeya, alikuwa seremala wa madawati ya shule, na kati ya watoto wake wote ni huyu binti tu aliyependa harufu ya maranda. Alikuja Brussels akimfuata mume wake, Papa Noé, aliyekuwa mwanafunzi. Kwa miaka michache alisafisha ofisi pale Porte de Namur, jioni akienda shule ya ufundi, na humo shuleni ndimo alimokutana na mwalimu aliyemwambia kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara ili mbao za zamani zisiharibike. Anasema alidhani anataniwa. Mwaka 1991 makumbusho yetu yalimwajiri, na tangu hapo hakuna mdudu mtoboa mbao aliyelala usingizi mtamu Anderlecht.

Kuna mambo mengi ya kusifia na nafasi ni ndogo. Bomba lilipopasuka na maji yakaingia ghala la chini, ni yeye aliyesimama mlangoni akitoa amri kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili, na akitukana kwa Kiluba, mpaka ngoma ya mwisho ikapandishwa ghorofani ikiwa kavu. Vijana aliowafundisha wako leo katika karakana za miji mingine na wote wana ugonjwa mmoja: wakiingia nyumbani kwa mtu wanapapasa meza kabla ya kusalimia.

Na pua yake je? Mwaka wangu wa kwanza nilipata dagaa wakavu kutoka kwa shangazi yangu wa Mwanza, nikawaficha katika kabati la karakana hadi saa ya chakula. Maman alipanda ngazi, akasimama, akanusa. "Hapa kuko kintu," akasema. "Muntu hata moja asipite." Ukumbi ulifungwa. Watu watatu walivaa barakoa na kuanza kukagua vinyago kimoja kimoja, wakitafuta kuvu. Mimi nilisimama nikitazama dari. Walipofika kwenye kabati langu na ukweli ukajulikana, Maman alichukua nusu ya dagaa, akaniambia kwamba ile nusu nyingine niihesabu kuwa msamaha.

Lakini nikiulizwa ni jambo gani hasa litakalobaki likisimuliwa, nitasema ni nguzo ya chura.

Nguzo hiyo ilikuwa kitu cha kwanza alichokabidhiwa alipoanza kazi. Ni ya mti wa mwerezi, inamzidi mtu mrefu kwa kiasi cha mkono, na juu kabisa amechongwa chura aliyekaa akitazama mbele, macho makubwa, mdomo mpana, kama mtu aliyeambiwa asubiri na akakubali. Nyuma ina tundu lililowahi kuhifadhi majivu ya marehemu. Ilitoka katika kisiwa cha makaburi cha Watlingit, watu wa pwani na visiwa vya kusini-mashariki mwa Alaska. Maman aliipa jina: Kachura. Aliikuta imepasuka ubavuni, wadudu wameshaanza kuila kwa chini, rangi yake ya zamani imebaki vipande vipande. Aliiponya polepole kwa miaka. Hakukubali hata siku moja ipuliziwe dawa ya sumu, ingawa wakati ule dawa hizo zilikuwa njia ya mkato iliyopendwa kila mahali. Kila asubuhi aliisalimu kabla ya kutusalimu sisi. Watoto wake wa kuzaa wamekua na wameoa na kuolewa. Huyu wa mwerezi alibaki naye nyumbani.

Mwaka jana barua za heshima ziliandikwa huku na kule, na uongozi ukakubali nguzo irudi kwao. Uamuzi ulikuwa mwema na hakuna aliyeupinga, hata Maman. Aliwaza kwamba inatoka katika ghala moja kavu kwenda katika ghala jingine kavu, karibu zaidi na ndugu zake. Lilibaki jambo moja tu. Kasha lisingeweza kufungwa mpaka mwenye karakana ya mbao atamke kwamba kitu kinaweza kuhimili safari. Mwenye karakana ni yeye, na hakuna mkubwa aliyekuwa na ujasiri wa kutamka badala yake.

Mwezi wa Novemba wageni wawili wakafika kutoka Alaska: bibi mmoja wa ukoo wa yule marehemu wa nguzo, mfupi, mwenye miwani minene na raba nyeupe, na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, mvuvi mstaafu mwenye mikono kama makoleo. Maman alivaa koti jipya la kazi. Aliwafunulia Kachura mwenyewe, kitambaa baada ya kitambaa, na uso wake ulikuwa uso wa mama anayeonyesha mtoto aliyefaulu mtihani. Yule bibi akasogea karibu, akamtazama chura kwa muda mrefu sana, machozi yakamtoka. Lakini mikono yake aliiweka nyuma ya mgongo. Hakugusa. Alipoombwa aguse alikataa kwa kichwa, na ni shemeji tu aliyenyoosha mkono na kuipapasa mbao.

Jambo hilo lilimwingia Maman moyoni vibaya. Baadaye aliniambia, "Ulimuona? Ameficha mikono ku mugongo, sawa muntu mwenye kuona buchafu. Miye naosha mutoto wao myaka yote hii, na yeye hapana kumugusa."

Na hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotutia matatani. Mkalimani rasmi alikuwa amechelewa kutoka kwenye chakula cha mchana, na bibi alikuwa anazungumza Kiingereza, ambacho Maman hakijui na hataki kukijua. Mwenzetu Mwanakheri, mtu wa Mombasa, anayeshughulikia vitu vinavyoingia na kutoka, akajitolea kutafsiri kwa Kiswahili. Bibi akaeleza kwamba nguzo itapokelewa na watu wa upande wa pili, upande wanaooana nao, na kwamba kuitoa kwake ni kama kumtoa binti. Mwanakheri akaona amepata neno la mkato, tena tamu. Akasema, "Mama, wanakwenda kuioza, upande wa wakwe."

Mombasa, baba humwoza binti yake na watu wakala pilau. Likasi, kinachooza ni nyanya.

Maman alirudisha kitambaa juu ya kichwa cha chura. "Kuiozesha?" akauliza. "Miye nafanya kazi myaka yote juu bintu bisioze. Alors banatoka mbali vile kuniambia banaenda kuiozesha?" Mwanakheri alicheka, akaeleza kosa, akaeleza harusi na wakwe, mkono kifuani akiomba radhi. Maman akalegea kidogo. Lakini yeye si mtu wa kuacha ufa bila kuuchungulia. Akataka bibi aulizwe: hiyo nguzo ikifika kwao itakaa katika nyumba gani, chini ya paa gani?

Bibi alijibu kwa utulivu, na Mwanakheri akatafsiri kwa sauti ya chini, sentensi fupi fupi. Haitakaa katika nyumba. Itarudi kisiwani, mahali ilipong'olewa, itasimamishwa udongoni. Mvua itainyeshea. Na ndiyo, itaoza.

Basi kosa la tafsiri likawa limesema kweli kabla ya wakati wake. Maman alivua glavu zake, moja halafu nyingine, akaziweka mezani. "Bon. Haisafiri," akasema, akaenda kufungua dirisha ambalo huwa halifunguliwi.

Wageni walikuwa wanaondoka mwisho wa juma. Wakiondoka bila neno lake, jambo lote lingerudi katika vikao, na kila mmoja wetu anajua vikao vya Brussels huzaa nini: vikao. Bibi yule alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba huenda asiione siku nyingine ya namna ile. Hakulalamika. Alimshukuru kila mtu, akatoka taratibu na raba zake nyeupe, na mimi nilijisikia vibaya kwa niaba ya jengo zima.

Sasa, Maman anaweza kukataa kukupa nguzo, lakini hawezi kukuacha na njaa. Kesho yake aliwapeleka wageni kula kwenye mkahawa mmoja nyuma ya Chaussée de Wavre, sisi wawili tukifuata, mimi kwa sababu ya tumbo na Mwanakheri kwa sababu ya ulimi. Ikaletwa bukari, ndio ugali wa kwao, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa thomson wa kukaanga. Shemeji alimgeuza samaki wake huku na huku kama ofisa wa forodha, akamla mpaka mifupa, kisha akauliza anavuliwa wapi. Maman akafurahi, ingawa alijaribu asionekane. Ndipo akamgeukia bibi. "Maman, unielezee ile kisiwa yenu," akasema. "Yote. Niko nasikiliza."

Nitasimulia kwa ufupi yale tuliyoyasikia, nikiacha jina la kisiwa, kwa kuwa wenyewe hawapendi litangazwe. Mwanakheri alitafsiri safari hii akichagua maneno kama anayechambua mchele.

Kisiwa ni kidogo na kiko mkabala na kijiji cha zamani. Hapo kale waliwachoma wafu wao na kuweka majivu ndani ya nguzo kama hii. Baadaye wakaja wamisionari, kwanza Warusi na kisha wengine, wakafundisha kuzika, na watu wakazika kwa namna yao: juu ya kaburi walijenga kijumba cha mbao chenye rangi na dirisha la kioo, ndani wakaweka vitu ambavyo marehemu alivipenda. Palikuwa na kijumba chenye cherehani na kingine chenye seti ya chai. Baadaye tena wakaagiza mawe ya marumaru, msalaba upande mmoja, mnyama wa ukoo upande wa pili, nyangumi au dubu au kunguru, na hakuna aliyeona kwamba hao hawawezi kukaa pamoja. Kisha kazi za viwanda vya samaki na shule zikawavuta watu kwenda mjini, kijiji kikabaki kitupu. Meli za watalii zilipopita, abiria walishuka na kuchukua walichoweza kubeba. Nguzo ya chura ilikatwa chini kwa msumeno. Majivu yaliyokuwamo yalimwagwa palepale, kwa sababu mchukuaji hakuyahitaji.

Maman aliuliza kisiwa kikoje sasa. Kimechakaa, bibi akajibu. Vijumba vimelala ubavu. Mizizi inanyanyua mawe, bahari inaumega ukingo wa magharibi, majani laini ya kijani yamefunika majina. Maman akauliza, kwa upole ambao sikuutegemea, kwa nini hawajengi paa, kwa nini hawaleti mafundi.

Bibi alifuta miwani yake kabla ya kujibu. Alisema wazee wao hawakuchonga ili kidumu milele. Nguzo husimama na marehemu kwa muda wa mbao yenyewe, na mbao ikirudi udongoni, basi na yeye amefika na hana tena haja ya kusindikizwa. Marehemu huyu, mjomba wa mama wa mama yake, ndiye peke yake ambaye hajafika. Majivu yako kule, nguzo iko huku, kavu, nzima, haina ufa, na kila mwaka unaopita yeye bado yuko mlangoni. "Anasema umeitunza vizuri mno," Mwanakheri akatafsiri. "Anasema hakuna aliyewahi kumtunza mtu wao namna hiyo. Lakini mtu huyo amechoka kusubiri."

Maman alikuwa anakata bukari vipande vidogo bila kula. Kisha akaanza kuzungumza, akinitazama mimi na si bibi, na nilielewa kwamba nilikuwa kama ukuta wa kuegemea. "Papa yangu alikufa ku Likasi mwaka ya quatre-vingt-dix-huit," alisema, yaani 1998. "Miye sikukuwa pale. Dada yangu aliniambia musalaba ya kaburi ilianguka, mbao ilioza, sasa haijulikane tena fasi gani. Miye, njo fundi ya mbao. Nachunga kaburi ya bantu ya Alaska, na ya papa yangu ilioza." Mwanakheri alitafsiri yote. Nilimjua Maman kwa miaka mingi na sikuwahi kulisikia hilo. Nilihuzunika kwa ajili yake, na pia nilielewa kwa nini ile nguzo ilikuwa haiachiki.

Bibi akauliza ule msalaba aliuchonga nani. Maman akajibu kwamba waliuchonga mashemeji, wakwe wa dada yake, kwa mbao ya mlango wa karakana ya baba. Bibi akacheka, kicheko cha kushukuru. Alisema kwao ni vilevile: ukoo haugusi makaburi yake wenyewe. Wanaochonga, wanaobeba, wanaosimamisha ni watu wa upande wa pili, mashemeji na wakwe. Ndiyo maana jana aliweka mikono nyuma. Alitamani sana kuigusa, lakini si haki yake. Ndiyo maana alikuja na shemeji.

Maman alifunika mdomo kwa kiganja. "Njo sababu ya mikono?" akauliza.

Ndiyo sababu, bibi akasema. Halafu akasimama, palepale kati ya meza, watu wa meza za jirani wakageuka. Alisema kwamba kwao anayefanya kazi ya kaburi hushukuriwa mbele za watu, na bila shukrani msiba hauishi. Aliyeikata nguzo alikuwa mwizi, na aliyeinunua alikuwa mnunuzi, lakini huyu mama aliyeiosha na kuiponya hakuwa yeyote kati ya hao. Amefanya kazi ya upande wa pili bila kuombwa. Kwa niaba ya ukoo wa chura alimshukuru kwa lugha yake, maneno marefu yenye sauti za kooni, na Mwanakheri hakujaribu kuyatafsiri. Shemeji naye akasimama. Mwenye mkahawa, asijue kinachoendelea, akapunguza redio.

Maman alilia kwa sauti, bila kujificha, akijifuta na kitambaa cha mezani. Kisha akapenga kamasi, akaweka sawa kilemba chake, akasema, "Bon. Inasafiri. Lakini Jaffari, ile kasha utengeneze muzuri. Hapana ya kuku."

Nililitengeneza vizuri. Nasema bila haya kwamba ni kasha bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na mtani wangu alilizunguka mara tatu akitafuta kosa, akaishia kusema misumari ni ming'avu mno.

Mwezi wa Mei mwaka huu alitumwa kuisindikiza nguzo, nami nikaenda kama fundi wa kufungua kasha. Vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba haina sumu hata chembe na inaweza kuwekwa udongoni bila madhara, na kwa hilo tunamshukuru yeye na ukaidi wake. Tulivuka kwa boti la injini la shemeji. Kisiwa kilikuwa kama tulivyosimuliwa, ila hakuna aliyetuambia kwamba ni kizuri. Miti mirefu imesimama katikati ya makaburi na mingine imeota juu ya makaburi yenyewe. Kijumba kimoja paa lake limeshuka taratibu mpaka likakaa chini, na kioo cha dirisha bado hakijavunjika. Marumaru yenye nyangumi imeinama kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Maman alitembea polepole, mikono mifukoni, na nilimwona anavyojizuia asipapase. Alisimama kwenye nguzo moja iliyoanguka zamani, iliyokuwa imebaki tuta refu la kijani, na mche mdogo wa mti ukiota sawasawa pale palipokuwa na kichwa. Alichutama karibu nayo kwa muda. Aliponyanyuka alisema tu kwamba kazi ile imefanywa vizuri, na sijui alimaanisha kazi ya nani.

Watu wa upande wa pili, wajukuu wa mashemeji, walichimba, wakaibeba Kachura mabegani, wakaisimamisha. Ukoo wa chura ulisimama kando na kuimba. Walipomaliza kushindilia udongo, mvua ikaanza, ile mvua ya kule isiyo na haraka, na matone yakaanza kuteremka kwenye paji la uso la chura, machoni, mdomoni.

Mkono wa Maman ulienda wenyewe. Nilikuwa pembeni yake, niliuona. Ulikuwa na kitambaa tayari, kile cha pamba anachokaushia, na ulifika karibu kabisa na shavu la chura. Ukasimama hewani. Halafu akaurudisha, akajifuta uso wake mwenyewe, akakunja kitambaa, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Bibi wa ukoo wa chura alimwona. Alisogea tu akasimama naye bega kwa bega, na sote tulilowa.

Tangu arudi, Maman amekuwa mtu mwepesi. Anaimba kazini, kero ambayo hapo awali hatukuwa nayo. Desemba atakwenda Likasi na Papa Noé, na amewaambia dada zake wasihangaike kulitafuta kaburi mahali lilipo hasa. Yeye atakaa tu pale makaburini na baba yake, popote atakapokuwa. Wanaotaka kumwona kabla hajaondoka waje kwenye ukumbi wetu wa hapa mtaani Matonge Jumamosi ya tarehe mosi Novemba. Chakula kipo. Dagaa nitaleta mimi.

Shukrani zake ni nyingi na wenye kumshukuru ni wengi. Vijana wa karakana wanamshukuru kwa macho aliyowapa. Uongozi unamshukuru kwa yote yaliyoandikwa katika lugha nyingine. Mwanakheri amenituma niseme kwamba tangu siku ile hatafsiri neno kabla ya kuuliza kama kwa msikilizaji linaoza au linaolewa. Nami namshukuru kwa kunifundisha kupiga msumari kwa adabu.

Wiki iliyopita bibi alituma picha kutoka kisiwani. Kwenye kichwa cha chura, upande wa kushoto, kumeota kiraka cha kijani kisichozidi kidole gumba. Maman amemwonyesha kila mtu: sisi, dereva wa lori, muuza vitenge wa Chaussée de Wavre, na mama mmoja asiyemjua aliyekuwa ameketi karibu naye kwenye metro. Anaikuza picha kwa vidole viwili, anasubiri uone, na uso wake unang'aa. "Angalia," anasema. "Inaoza muzuri."

Maman Marie-Jeanne, wewe uliyezuia vitu vyetu visichakae, sasa ni zamu yako. Sisi wa upande wa pili tunakushukuru mbele za watu, na tunakuombea miaka mingi, mingi sana, ya kuchakaa kwa raha zako.